Sakitu ya Kuze

Niliwaambia kwa Kiingereza: kesho msije.
Nikaandika ubaoni, nikapiga mstari.
Wakaja.
Saa tatu asubuhi, ndara kumi na nne mlangoni,
na Shee mbele, daftari kwapani:
"Mwalimu, ulisema kesho. Kesho ndiyo leo."

Nimetoka ibadani Makupa sasa hivi,
kitenge kimeniganda mgongoni
kwa joto la Disemba ambalo huku halina adabu,
hupanda ngazi pamoja nawe
na kukalia kiti kabla yako.
Jikoni kuna viazi vinne na kopo la njegere.
Mama amepiga simu kutoka Makete:
huko mvua, huko masweta, huko wamechinja.
"Na wewe, huko ugenini, unakula na nani?"
Nikamwambia mtandao unakatika.

Tangu nivuke Lungalunga na pasi mpya
nalipwa kwa kusema hii ni kalamu, ile ni meza,
mbele ya watoto ambao Kiswahili chao
hunifanya nione changu kimeshonwa kwa mkono wa kushoto.
Nikisema "naombeni madaftari,"
Barke huchekea ndani ya mtandio:
"Twakuelewa, mwalimu, lakini..."
Hiyo lakini haijawahi kumaliziwa.

Basi tukafungua kitabu, ukurasa wa arobaini na moja.
Nyumba, paa jeupe, mtoto aliyevaa soksi za mikono.
"Hii nyumba imemwagikiwa unga?"
Theluji, nikasema. Hata mimi sijaiona.
Nimeona sakitu tu, ya Juni, juu ya majani ya viazi,
na baba amesimama shambani hasemi neno,
maana majani meupe leo ni majani meusi kesho.
Hilo sikuwaambia.
Nikasema: ni baridi iliyolala nje usiku, ikaota mvi.

Mwanahamisi akainuka.
Hakuomba ruhusa kwa lugha yoyote.
Mama yake huuza barafu za ukwaju pale chini,
na friji lake kuukuu huota ndani ukuta mweupe
ambao kila Ijumaa huukwangua kwa mwiko, akiulaani.
Tukasikia mkwaruzo.
Tukamsikia akigombezwa.
Tukasikia ngazi.

Akaingia amekumbatia bakuli.
Weupe mtupu, na uzi mmoja wa ukwaju.
Niliugusa, magoti yangu yakawa Makete.
"Yayeyuka! Mwalimu, fanya upesi, yayeyuka!"
Nifanye nini? Nikawagawia kidogo kidogo,
wakapokea kwa viganja viwili,
kimya, kama watu wazima.

Haikupita dakika.
Shee, adui wa vitenzi, akatazama maji yake
yakichuruzika hadi kwenye kiwiko,
akasema kwa Kiingereza, akikanyaga kila neno
kama mtu avukaye tope kwa mawe:
ilikuwa theluji.
Ilikuwa!
Wiki tatu nimepigana na huo wakati uliopita,
chaki mbili zimeishia humo,
kumbe ulihitaji tu kitu cha kupita.

Saa sita wakaenda.
Saa saba ngazi zikalia tena.
Sahani saba, kila moja chini ya kawa:
pilau, sambusa, mkate wa sinia,
na kwa Mwanahamisi barafu mbili za ukwaju,
zilizotumwa na yule aliyegombeza.
"Idi njema, mwalimu," akasema Barke.
Akasita. Akashika ncha ya mtandio.
"Lakini ile yenu."

Sasa ni jioni. Nimeziosha, nimezipanga dirishani.
Hapa sahani ya jirani hairudi tupu,
hilo nimefundishwa bila ubao.
Sahani saba, viazi vinne.
Nimeshika kisu, napiga hesabu,
na simu inaita: Makete tena.
"Mtandao umepona?" anauliza mama.
Umepona, nasema. Washa taa nikuone.
Halafu niambie, wewe ulitugawiaje.